Tezi dume si jina la ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Jumatano iliyopita gazeti lako lilitoa habari ya afya kuhusu wanaume wanaoogopa kwenda kupima. Humo ndani mwandishi anasema huyu "ana tezi dume", yule "alikutwa na tezi dume", mwingine "alifariki kwa tezi dume". Nilipitia kwa kalamu nyekundu nikahesabu mara sita. Nia yake ni njema, na nimefurahi kuona ukurasa mzima umetolewa kwa jambo hili. Lakini lugha hiyo inaumiza watu. Nimeiona ikiumiza ndani ya nyumba yangu, ndiyo maana naandika.

Kila mwanamume ana tezi dume. Kazaliwa nayo. Mtoto wa kiume anayepiga chandimu hapo nje anayo, na baba yake anayo. Najua tunasema fulani ana sukari, fulani ana presha, na tunaelewana. Hapa hatuelewani, kwa sababu chini ya neno hilo moja tumerundika maradhi matatu yasiyofanana: tezi kukua kwa sababu ya umri, tezi kuingiwa na vijidudu, na saratani. Hilo la kwanza ni la wengi mno. Wanaume wakifika miaka 60, karibu nusu yao tezi imekwisha kuanza kukua, na kukua huko si saratani wala hakugeuki kuwa saratani. La pili hutibiwa kwa dawa. La tatu huua likicheleweshwa. Sasa mtu akiambiwa "una tezi dume", anarudi nyumbani na lipi kati ya hayo?

Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu. Nimefanya kazi miaka 34, mingi kati ya hiyo hapa Morogoro, na kwa muda mrefu nilikuwa nikipima shahawa za wanandoa waliokosa mtoto. Wazee wanisamehe, nitayataja mambo ya mwili kwa majina yake, maana kwa mafumbo hayaelezeki.

Nianze na kijana mmoja, fundi wa magari, umri wake kama miaka 28. Alinipa kikopo kimefungwa kwenye gazeti, macho chini, "shikamoo mama" ya kunong'ona. Mkewe alikuwa na miaka miwili hajashika mimba. Mwenyewe alikuwa ameona kwamba manii yake hutoka mazito lakini yakikaa kidogo yanakuwa maji. Muuza dawa mmoja wa stendi akamwambia hizo ni "mbegu nyepesi", hazishiki mimba, akamuuzia dawa ya kuongeza uzito. Alikuwa amekunywa chupa nne.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nikamwambia asiondoke, akae karibu na mlango tuangalie pamoja saa ya ukutani. Nikakiinamisha kikopo mbele yake. Ndani lilikuwa bonge, mithili ya ute wa yai ulioanza kushika moto, limeng'ang'ania kikopo, halimwagiki. Dakika kumi baadaye bonge likaanza kuvunjika, maji yakajitenga pembeni, vikabaki vijipunje laini kama sago iliyopikwa. Ilipotimu saa tatu na nusu nilichovya pipeti, nikainyanyua, tone likaanguka peke yake bila kuvuta uzi. Uzi ukizidi sentimita 2 ndipo tunaandika kwamba kuna unato usio wa kawaida.

"Umeona?" nikamuuliza. "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Ningeandika una tatizo kama saa nzima ingepita lingali bonge."

Akakaa kimya, halafu akauliza: "Sasa mama, nani anayayeyusha?"

Katika miaka yangu yote hakuna mgonjwa aliyeniuliza swali zuri kuliko hilo. Anayeyayeyusha ni tezi dume.

Tezi hii kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo na uzito wa gramu 20 hivi. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Shahawa haitoki mahali pamoja. Kwa kawaida ni mililita 1.5 hadi 5, yaani haizidi kijiko cha chai. Takriban theluthi mbili yake hutoka kwenye vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu. Huko ndiko inakotoka sukari ya kuzilisha mbegu, na pia protini iitwayo semenojelini, ambayo ndiyo inayogandisha ule ute. Robo hadi theluthi hutoka kwenye tezi dume. Mbegu zenyewe, kutoka kwenye korodani, ni asilimia chache tu. Ndiyo sababu mwanamume aliyefunga uzazi haoni tofauti kwa macho, na ndiyo sababu kuangalia uzito wa manii kwa macho hakumwambii mtu lolote kuhusu mbegu.

Ile sehemu ya tezi dume ni majimaji mepesi yenye asidi kidogo, zinki nyingi, na vimeng'enya. Neno letu limekaa vizuri sana hapa. Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu kigumu kiwe laini, kama tumbo linavyomeng'enya chakula, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kimeng'enya kikuu ni kile tunachokiita PSA. Kikiwa bado ndani ya tezi, zinki inakifunga mikono kisifanye kazi. Mwanamume anapomwaga, majimaji ya tezi yanachanganyika na semenojelini ya vile vifuko. Semenojelini inaivuta zinki kwake, na PSA ikishaachiwa inaanza kuikatakata semenojelini hiyohiyo iliyoifungua. Ute unalegea, mbegu zilizokuwa zimenaswa zinaanza kuogelea. Yote hayo kwa dakika 15 hadi 30. Nimeitazama kazi hiyo mara nyingi nisizoweza kuzihesabu na bado sijaizoea.

Mbegu za yule fundi zilikuwa za kutosha na zinaogelea vizuri. Tukamwandikia aende na mkewe kwa daktari wa wanawake. Chupa ya tano ya dawa, ambayo alikuwa hajaifungua, aliiacha juu ya meza yangu.

Msomaji atakuwa ameshaisikia PSA kwenye mambo ya saratani. Ndiyo hiyohiyo. Wajapani kina Hara walioieleza mwaka 1971 kutoka kwenye shahawa hawakuwa wakitafuta saratani hata kidogo, walikuwa wakitafuta kitu cha kuthibitishia mahakamani kwamba doa ni la shahawa. Kuihesabu kwenye damu kulikuja baadaye. Marekani waliidhinisha kipimo hicho mwaka 1986 kwa ajili ya kuwafuatilia waliokwisha kugundulika na saratani, na ni mwaka 1994 ndipo kikaidhinishwa kusaidia kuitafuta kwa wengine.

Ndani ya shahawa PSA hupimwa kwa miligramu. Kwenye damu tunaipima kwa nanogramu, na nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu. Ukiandikiwa namba 4, ni nanogramu 4 katika mililita moja ya damu, kiasi kidogo sana kilichopenya kutoka kwenye tezi. Saratani ikivuruga kuta za tezi, kinachopenya kinaongezeka. Lakini hata tezi iliyokua kwa umri inaongeza. Maambukizi yanaongeza. Mpira wa mkojo unaongeza. Hata tendo la ndoa la jana usiku laweza kuongeza, ndiyo maana tunasema mtu ajizuie siku mbili kabla ya kutolewa damu. Kipimo kinatuambia kwamba PSA imepenya zaidi ya kawaida. Sababu ya kupenya inatafutwa kwa njia nyingine.

Sasa nije nyumbani kwangu. Miaka miwili iliyopita, usiku wa mvua mwezi Machi, mkojo ulimziba mume wangu. Alitembea barazani mpaka alfajiri, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeshika tumbo. Hospitali walimwekea mpira, ikatoka zaidi ya lita moja. Hapo niwashukuru, walimwokoa. Kesho yake, mpira ukiwa bado ndani na mkojo una ukungu wa maambukizi, wakamtoa damu ya PSA. Jibu likaja 18.6. Aliyempa jibu alisimama naye koridoni, watu wanapita, akamwambia: "Mzee, una tezi dume, na namba hii ni saratani."

Mume wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ni mtu wa kuuliza maswali, siku hiyo hakuuliza hata moja. Alirudi akakaa kwenye kiti chake na kanzu yake, mfuko wa mkojo ukiwa chini, chai ikapoa. Jioni akampigia simu kijana wetu mkubwa aje wazungumze habari ya shamba la Mvomero. Nilimweleza yote niliyokueleza hapo juu, Mhariri, tena kwa kuchora kwenye karatasi. Akaniambia, "Mama watoto, unanifariji." Miaka 34 ya maabara ilishindwa na sentensi moja ya koridoni.

Tukatibu maambukizi. Mpira ukatolewa. Nilisisitiza tusubiri, kwa sababu PSA iliyokwisha kuingia kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku mbili au tatu, lakini tezi iliyoumia inaendelea kuvujisha kwa wiki kadhaa. Baada ya wiki nane tulirudia: 5.2. Ultrasaundi ikaonyesha tezi ya gramu 68. Daktari wa njia ya mkojo akashauri kitolewe kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi kikapimwe, kwa sababu 5.2 nayo si namba ya kuachwa hivihivi, na nilikubaliana naye. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba wenye namba kati ya 4 na 10 wakitolewa kinyama, takriban mmoja katika wanne hukutwa na saratani. Wiki tatu za kusubiri majibu zilikuwa ndefu. Hakukuwa na saratani. Tezi yake imekua tu, na anatumia vidonge. Kimoja kati ya hivyo, finasteraidi, baada ya miezi sita hivi hushusha PSA kwa karibu nusu, kwa hiyo anayekitumia lazima amwambie daktari, asije akafurahia namba ndogo isiyo ya kweli.

Nisieleweke kwamba nawaambia watu wazidharau namba. Kaka yangu mkubwa alikuwa Kilosa. Yeye alikuwa akiamka usiku mara nne, mara tano kwenda haja ndogo, na mkojo unakatikakatika. Kijiweni wenzake walimwambia, "Hiyo ni tezi dume, kila mzee anayo, ni uzee." Akaridhika. Mgongo ulipoanza kuuma alisugua dawa ya kuchua mwaka mzima. Tulipomfikisha hospitali PSA yake ilikuwa imepita 400 na saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo.

Neno lilelile lilimtisha mume wangu bure, likamtuliza kaka yangu bure.

Kwa kaka yangu nilikumbuka kimeng'enya kingine cha tezi hii, ambacho wakati nikisoma mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndicho tulichofundishwa: fosfatasi ya asidi. Nacho hutolewa na tezi dume kwa wingi sana kuingia kwenye shahawa. Mwaka 1938 huko New York, Alexander Gutman na mkewe Ethel walionyesha kwamba kinapanda kwenye damu ya wanaume ambao saratani ya tezi dume imefika mifupani. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges, huko Chicago, wakaonyesha kwamba korodani zikiondolewa kimeng'enya hicho kinashuka na maumivu yanapungua, kwa sababu tezi dume, mzima au mgonjwa, hulishwa na homoni ya kiume. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kaka yangu alitibiwa kwa njia hiyohiyo ya kuzima homoni, ila kwa sindano. Aliacha kulia usiku. Alipanda mahindi msimu mmoja zaidi na kuyavuna kwa mikono yake, kisha Mungu akamchukua.

Fosfatasi hiyo ina kazi nyingine ambayo akina mama waijue, ingawa si kiini cha barua yangu. Mwanamke au mtoto akibakwa, mtaalamu hugusisha karatasi maalumu kwenye doa, akaweka dawa, na kama kuna shahawa karatasi hugeuka zambarau ndani ya dakika moja au mbili. Hicho ni kidokezo cha kwanza, kisha hufuata vipimo vya kuthibitisha, PSA ikiwemo. Vinaonyesha hata kama mwanamume hana mbegu au alifunga uzazi, kwa sababu vimeng'enya hivi havitoki kwenye korodani. Nimewapokea watu waliokuja wameoga, nguo zimefuliwa na sabuni na kuanikwa. Niliwaelewa, maana nani asingetaka kujiosha? Lakini ushahidi ulikuwa umekwenda na maji. Nguo isifuliwe, ikaushwe kivulini, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi na si mfuko wa nailoni unaotunza unyevu. Mtu afike hospitali mapema iwezekanavyo, maana hata dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72.

Narudi kwenye ombi langu. Waandishi wako waandike ugonjwa kwa jina lake. Kama ni saratani ya tezi dume, iandikwe saratani ya tezi dume. Kama ni kukua kwa tezi dume, au maambukizi ya tezi dume, iandikwe hivyo. Ni maneno mawili matatu zaidi, hayatajaza ukurasa. Na siku moja mtoe habari inayoeleza tezi hii inafanya nini kwa mwanamume aliye mzima, kabla ya kueleza inavyougua. Yule fundi aliondoka maabara akiwa amejua nini kinapimwa mwilini mwake. Mtu wa namna hiyo, akifika miaka 50, au 45 kama baba au kaka yake aliugua saratani hii, hahitaji kuburutwa.

Vilevile msiendelee kukifanya kipimo cha kidole kuwa kichekesho kwenye vichwa vya habari. Tezi imegusana na ukuta wa njia ya haja kubwa, na kidole cha daktari kinaweza kugusa uvimbe mgumu ambao damu haijauonyesha, kwa kuwa zipo saratani zinazokuja na PSA ya chini ya 4. Ni kazi ya chini ya dakika moja. Kaka yangu alikuwa akikikataa kwa kucheka na wenzake, na vicheko hivyo vingine alivisoma magazetini.

Mume wangu atapima tena Juni. Majibu yake yote nimeyaweka kwenye bahasha moja ya kaki. Juu ya kila karatasi nimeandika kwa mkono tarehe, namba, dawa aliyokuwa anatumia, na kama siku hiyo alikuwa na mpira au homa ya mkojo. Hospitali haikuandika hayo. Yeye mwenyewe ameridhia yaonwe, akisema labda yatamsaidia mwalimu mwenzake fulani. Mwandishi wako akitaka kuja kuyatazama, apitie kwako nitampa anwani, na chai itakuwepo.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Kihonda, Morogoro